Jogoo Mkali: Namna ya Kumfundisha na Namna ya Kuchagua Jogoo wa Mbegu

Karibu kila mkulima ana kuku, na karibu kila kijiji kina jogoo mmoja ajulikanaye kwa ukali wake. Watoto humkimbia, wageni hupiga hodi kwa mbali, na mama wa nyumba haendi kuokota mayai ila ameshika fimbo. Watu wengi huzicheka habari hizi, na wengine hujivuna kwamba jogoo wao ni dume kweli kweli. Lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Jogoo aliyekomaa ana mdomo mgumu, na nyuma ya kila mguu ana mwiba wa pembe uitwao kipi. Wengine huuita kikwaru. Hushambulia kwa kuruka juu na kupiga kwa miguu yote miwili pamoja. Kwa mtu mzima pigo hilo hufika gotini. Kwa mtoto wa miaka mitatu hufika usoni, palipo na macho.

Wala si watoto tu walio katika hatari. Katika mwaka 2019 waganga wa Australia walichapisha habari za mama mmoja mzee wa miaka 76, aliyekwenda kuokota mayai ya kuku wake. Jogoo alimdonoa mguuni, mahali penye mshipa uliovimba, na mama yule akafa kwa kutokwa na damu. Mambo kama hayo hutokea mara chache sana, lakini yatosha kutuonya kwamba jogoo mkali haifai kuachwa tu hivi hivi, hasa katika nyumba yenye wazee na watoto.

Kurasa hizi zataka kumweleza mkulima mambo mawili. La kwanza ni kwamba jogoo mkali aweza kufundishwa, na aghalabu hubadilika akitendewa kwa akili. La pili ni kubwa zaidi: ukali ni jambo ambalo sehemu yake hurithiwa, nalo hutoka kwa baba na mama na kuingia kwa vifaranga. Mafunzo humtengeneza jogoo mmoja kwa mwaka huu. Uchaguzi wa mbegu hulitengeneza kundi zima kwa miaka ijayo. Mtu afanyaye la kwanza na kuliacha la pili atafundisha majogoo maisha yake yote.

1. Kwa nini jogoo humpiga mtu

Kuku hawaishi ovyo. Katika kila kundi kuna wa kwanza, wa pili na wa tatu, hata wa mwisho, na kila mmoja amjua aliye juu yake na aliye chini yake. Mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyachunguza mambo haya kwa kuwatazama kuku wa kawaida tangu ujana wake, akaandika habari zake katika mwaka 1922. Aliona kwamba kuku wa juu humdonoa aliye chini, wala wa chini hathubutu kulipa. Na cheo kikiisha kujulikana vita hupungua. Mkulima atazamaye kuku wake wakila mtama ataona jambo lilo hilo kwa macho yake.

Jogoo mkali ni jogoo aliyemwingiza mtu katika daraja hizo. Humwona mtu kuwa ni jogoo mwingine aliyeingia katika kundi lake, naye ataka kujua ni nani aliye juu. Ukimkimbia, amekushinda. Ukimpiga teke, umeikubali vita, naye atarudi kesho kuijaribu tena. Mambo haya mawili ndiyo watu wafanyayo kila siku, na ndiyo yazidishayo ukali.

Ziko na sababu nyingine zinazomwamsha:

(a) Umri. Pora, yaani jogoo kijana, huwa mpole hata afikapo miezi minne au mitano. Hapo ndipo nguvu za dume huanza kumwingia; huwika, huwaandama mitetea, na huanza kujaribu watu. Mtu aliyemjua tangu kifaranga hustaajabu na kusema jogoo amerogwa. Hakurogwa, amebaleghe.

(b) Malezi. Kifaranga aliyelelewa peke yake jikoni, akibebwa na kuchezewa na watoto, hukua bila kumcha mtu. Huyo akishakuwa jogoo huwa mkali kupita wengine, kwa kuwa watu ndio jamaa zake, na kwa hiyo watu ndio atakaoshindana nao.

(c) Wingi wa majogoo. Panapo majogoo watatu na mitetea sita, hapana amani. Majogoo hushindana mchana kutwa, na hasira hiyo humwangukia hata apitaye njia.

(d) Uchokozi. Watoto wamfukuzao kwa mawe, au mtu amkamataye mtetea mbele yake hata mtetea akalia, humfundisha kwamba mtu ni adui.

2. Ukali si ushujaa

Wakulima wengi wanaye jogoo mkali na hawataki kumwondoa, kwa kuwa wasema huwalinda vifaranga na mwewe. Hoja hii yafaa kupimwa vizuri, maana ndiyo iwafanyayo watu kuzaliana ukali mwaka baada ya mwaka.

Kazi ya jogoo mlinzi si kupigana na watu. Kazi yake ya kwanza ni kutazama. Jogoo mwema huinua kichwa mara kwa mara wakati mitetea wanapokula, naye ana milio mbalimbali ya hatari: mmoja ni wa ndege wa angani, na mwingine ni wa mnyama ajaye chini, kama kicheche au nguchiro. Mitetea huijua tofauti. Wasikiapo mlio wa angani hukimbilia vichakani, na wasikiapo mlio wa chini huinua shingo watazame adui yuko wapi. Tena jogoo mwema aonapo chakula huita mitetea kwa sauti ndogo ya haraka, akiokota punje na kuiangusha mbele yao. Yote haya hayahitaji kumpiga mtoto wa jirani.

Wafugaji wa zamani waliofuga kuku wa kupiganishwa waliijua tofauti hii. Huko Uingereza mchezo wa kupiganisha majogoo ulikatazwa kwa sheria katika mwaka 1835, kwa sababu ya ukatili wake. Lakini watu wale, hata katika kazi yao mbaya, hawakumtaka jogoo ampigaye mshikaji wake, kwa kuwa iliwapasa kumshika, kumwosha na kumlisha kila siku. Kwa hiyo majogoo wa ukoo ule, walio wakali mno wao kwa wao, wengi wao huwa watulivu mkononi mwa mtu. Hapa twaona wazi kwamba hasira juu ya jogoo mwenziwe ni jambo moja, na hasira juu ya mtu ni jambo jingine. Mkulima aweza kuchagua la kwanza bila la pili, au kuyakataa yote mawili.

Sisi nasi tunaye kuku aitwaye kuchi, mwenye miguu mirefu, shingo ndefu na kifua kilichosimama. Kuchi ana udugu na kuku wa kupigana wa Asia, na hupendwa kwa ukubwa na uzito wake. Mwenye kutaka nyama nyingi hafanyi vibaya kumchanganya kuchi na kuku wake wa kawaida. Lakini na amchague jogoo wa kuchi aliye mtulivu kwa watu, wala asidhani kwamba uzito na ukali ni lazima viende pamoja.

3. Dalili za kwanza

Jogoo hamrukii mtu ghafula bila kutoa dalili, ila watu hawazitazami. Kwanza hukukazia macho kwa upande mmoja wa kichwa. Kisha husimamisha manyoya ya shingo, huinamisha kichwa, hushusha bawa moja na kutembea kimshazari, akikuzunguka. Wengine huokota majani au vijiti na kuvitupa chini. Wengine hukufuata kwa nyuma unapoondoka, nao ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa hungoja mtu ageuze mgongo.

Azionaye dalili hizi kwa pora wa miezi mitano ana nafasi nzuri. Samaki mkunje angali mbichi. Akingoja hata jogoo awe na miaka miwili na vipi vyenye urefu wa kidole, kazi itakuwa ngumu.

4. Mambo ya kuondoa kabla ya mafunzo

Kabla ya kumlaumu jogoo, mkulima na atazame banda lake. Jogoo mmoja yatosha kwa mitetea kumi hivi. Majogoo wanaozidi na wauzwe au waliwe. Banda liwe na nafasi, na chakula kitawanywe mahali papana, kisimwagwe katika chombo kimoja, ili wasipigane. Watoto wakatazwe kabisa kuwachokoza kuku. Ukitaka kumkamata mtetea, mkamate usiku akiwa amelala, kwa utulivu, jogoo asione wala asisikie.

Tena mtazame jogoo mwenyewe. Jogoo mwenye jicho bovu hushtuka upesi, na kuku mwenye chawa na utitiri hana raha wala hana subira. Ukiyaondoa hayo, pengine ukali utapungua wenyewe.

5. Namna ya kumfundisha

Shabaha ya mafunzo si kumvunja jogoo moyo, wala kumpiga hata aogope. Shabaha ni kumfahamisha kwamba mtu si jogoo, hashindani, wala haondolewi njiani. Fanya hivi:

Kwanza, vaa suruali nene au viatu virefu, nawe uchukue ungo mkuukuu au kipande cha ubao. Ungo si wa kumpigia, ni ngao. Akiruka, na apige ungo, asipate mwili wako.

Pili, ingia bandani polepole. Akikukabili, simama wima, umtazame, usirudi nyuma hata hatua moja. Kisha songa mbele hatua moja, tena moja, ukiutanguliza ungo, hata jogoo akupishe. Endelea kumfuata kwa utaratibu, bila kukimbia wala kupiga kelele, mpaka ageuke upande, au ainame adonoe chini kama asiye na habari. Hiyo ndiyo alama kwamba ameiacha vita. Papo hapo nawe simama, umwache. Ukizidi kumfuata baada ya hapo, hatajua ni tendo gani lililompa raha.

Tatu, usigeuze mgongo mapema. Ondoka kwa upande, ukimtazama.

Nne, jioni, jogoo alipokwisha kulala juu ya kijiti chake, mchukue taratibu, mshike chini ya kwapa, mabawa yamebanwa na miguu imeshikwa, ukae naye kwa robo ya saa hivi hata atulie. Usimning'inize kichwa chini kwa miguu. Kuku hana kiwambo kifuani kama mtu, na akining'inizwa hivyo matumbo humlemea asipumue vizuri. Atajifunza hofu tu, na hofu ni mama wa ukali.

Tano, akiwa mtulivu umpe punje chache kwa kuzitupa chini mbele yake, si kwa mkono. Amlishaye jogoo mkali kwa mkono humfundisha kuudonoa mkono.

Fanya hivi asubuhi na jioni kwa majuma mawili au matatu bila kukosa siku. Tena kila mtu mzima wa nyumba afanye zamu yake, kwa sababu jogoo huzijua nyuso. Aliyemheshimu baba aweza bado kumpiga mama, na aliyemheshimu mama aweza kumpiga shangazi aliyekuja kutembea. Watoto wadogo wasitiwe katika mafunzo haya kamwe, wala wasiachwe peke yao mahali alipo jogoo aliyewahi kupiga mtu, hata ikiwa sasa aonekana mpole.

Majogoo wengi hubadilika kwa njia hii, na hasa vijana. Asiyebadilika baada ya majuma matatu, huyo ni wa chungu. Na aliyempiga mtoto usoni asifundishwe hata siku moja. Achinjwe siku ile ile. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na amhurumiaye jogoo wa namna hiyo huenda akamlilia mwanawe.

6. Kupunguza vipi

Wakati wa mafunzo yafaa kuvipunguza vipi ili visiumize. Ndani ya kipi kuna mfupa wenye damu. Kwa hiyo usikikate chote. Mtu mmoja amshike jogoo vizuri, na mwingine asugue ncha kwa tupa hata iwe butu, au aikate kidogo sana kwa msumeno mdogo. Damu ikitoka, umekwenda mbali. Bana mahali hapo kwa kitambaa safi hata ikome. Kipi huota tena, basi kitazamwe kila baada ya miezi michache. Lakini mkulima akumbuke kwamba kukata kipi huondoa kisu tu, hakuondoi hasira ya mwenye kisu.

7. Ukali u katika damu

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa. Watu husema mwana wa nyoka ni nyoka, na katika kuku methali hii ina kweli nyingi, ijapokuwa si yote.

Kuku wote wa nyumbani asili yao hasa ni kuku wa mwitu mwekundu wa misitu ya Asia. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, huko Sweden, wataalamu waliwachukua kuku wa mwitu wa namna hiyo, wakawapima jinsi wanavyowaogopa watu, kisha wakazalisha wenye hofu ndogo peke yao na wenye hofu kubwa peke yao, kizazi baada ya kizazi. Baada ya vizazi vichache makundi hayo mawili yalitofautiana waziwazi. Ni kweli kwamba hofu na ukali si kitu kimoja. Lakini yaliyoonekana huko yathibitisha kwamba namna kuku anavyomwona mtu ni jambo liwezalo kugeuzwa kwa kuchagua wazazi.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Purdue, mtaalamu William Muir alichapisha habari nyingine katika mwaka 1996. Kuku wa mayai waliowekwa wengi katika kizimba kimoja walikuwa wakidonoana hata kufa, na vifo vilifika 68 katika kila 100 kwa mwaka. Muir hakumchagua kuku mmoja mmoja aliyetaga sana, bali alichagua jamaa nzima za ndugu waliokaa pamoja vizuri na kutaga pamoja vizuri. Kwa vizazi vichache tu vifo vilishuka vikawa chini ya 9 katika kila 100. Mafunzo yake kwetu ni haya: usitazame jogoo mmoja tu, ukavutwa na ukubwa wake na uzuri wa mkia wake. Tazama na ndugu zake. Mtetea ambaye wanawe wa kiume wote ni watulivu ana mbegu njema kuliko yule mwenye mwana mmoja mzuri na watatu wakali.

Tufanye na hesabu ndogo. Jogoo mmoja ana mitetea kumi. Ikiwa kila mtetea atakuza vifaranga kumi hata wawe wakubwa kwa mwaka, hao ni kuku mia, na yapata hamsini ni majogoo. Kila mtetea ni mama wa kumi tu. Lakini jogoo yule mmoja ni baba wa wote mia. Kwa hiyo hakuna uchaguzi katika banda ulio mkubwa kama uchaguzi wa jogoo. Amwachaye mkali akae mwaka mmoja amepanda shamba zima kwa mbegu mbaya.

8. Namna ya kuchagua jogoo wa mbegu

(a) Walee mapora pamoja na mama zao na kuku wakubwa, si jikoni. Pora aliyekua chini ya jogoo mzee na mitetea wazee hufundishwa adabu nao. Wazoee watu kwa kuwaona na kuwalisha kila siku, lakini wasifanywe vitu vya kuchezea.

(b) Wafikapo miezi mitano, wafunge mapora nyuzi za rangi mbalimbali miguuni upate kuwatambua, na uwaandike katika daftari. Uzi usikaze, nao ufunguliwe kila mguu unenepapo.

(c) Wapime kwa siku tatu tofauti. Siku ya kwanza, pita katikati yao ukibeba chakula. Siku ya pili, wageuzie mgongo na kutembea polepole, mtu mwingine akiwatazama. Siku ya tatu, pita ukiwa na mtetea mkononi. Kwa kila kipimo andika 0 kwa anayekupisha, 1 kwa anayesimama na kukutazama bila kushambulia, na 2 kwa anayesimamisha manyoya au kuruka. Rudia tena baada ya miezi miwili, maana wengine hubadilika wakomaapo.

(d) Aliyepata 2 hata mara moja asiwe wa mbegu. Mafunzo yaweza kumfaa akae nyumbani, lakini mafunzo hayaingii katika yai. Jogoo mkali aliyefundishwa bado huzaa watoto wenye damu ile ile.

(e) Katika waliobaki usimchague mwoga ajifichaye. Mchague yule mtulivu kwa watu ambaye hutoa mlio mwewe apitapo, huita mitetea kwenye chakula, na ana afya, umbo zuri na ndugu wazuri.

(f) Usiwasahau mitetea, kwa kuwa nusu ya damu ni yao. Lakini koo alaliaye mayai au aongozaye vifaranga akikudonoa, usimhesabie kosa. Huo ni ulinzi wa mama. Mpime wakati asipokuwa na vifaranga.

(g) Ukimwondoa jogoo mkali na kumweka mwema, usichukue mayai ya kuangulisha mara moja. Mbegu ya jogoo hukaa hai ndani ya mtetea kwa majuma mawili, na pengine hata matatu. Kwa hiyo mayai ya majuma matatu ya kwanza yauzwe au yaliwe. Baada ya hapo ndipo uweke mayai chini ya koo. Watu wengi wamemchinja jogoo mkali na kumleta mpole, kisha wakaona vifaranga wenye tabia ya yule wa kwanza, wakasema uchaguzi wa mbegu ni uongo. Kumbe hawakungoja.

(h) Usimwache jogoo awapande binti zake mwenyewe. Kila mwaka mmoja au miwili badilishana jogoo na mkulima mwingine ambaye naye huchagua kwa uangalifu. Jogoo aletwaye akae peke yake kwa majuma mawili kwanza, ili asilete kideri wala chawa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wala hakosi kuonewa na wenyeji. Afunguliwe jioni, alale nao, waamke wote pamoja.

9. Kijiji kizima kifanye pamoja

Kuku wetu wengi hutembea huru, na jogoo hajui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja akichagua vizuri, na jirani yake akaacha jogoo mkali atembee, mitetea ya wote wawili itapandwa na yule mkali, maana ndiye awafukuzaye wengine. Kwa hiyo yafaa majirani wakutane na kupatana kwamba jogoo ampigaye mtu hataachwa akae. Na mtu amwuzaye jogoo wa namna hiyo aseme kweli: huyu ni wa nyama, si wa mbegu. Amwuzaye kimya kwa mwenzake amehamisha hatari kutoka kwa wanawe na kuipeleka kwa wana wa mwingine, nayo haikosi kurudi kwake kupitia mitetea.

10. Jogoo akimwumiza mtu

Jeraha la kipi ni jembamba na lenda ndani, na mguu wa jogoo umekanyaga mavi na udongo; kwa hiyo laweza kuingiza pepopunda. Lioshe mara moja kwa sabuni na maji mengi safi yanayotiririka. Usilipake mavi ya ng'ombe, wala majivu, wala udongo. Damu ikitoka sana, bana kwa kitambaa safi na kuinua mguu au mkono juu. Kisha mpeleke aliyeumia kwa mganga wa hospitali au zahanati, aulizwe kama alichomwa sindano ya pepopunda. Jeraha la jicho, au karibu na jicho, lisingoje hata kesho.

11. Kwa ufupi

Usimkimbie jogoo mkali wala usimpige teke; simama, songa mbele polepole, na umwache papo hapo akishakupisha. Punguza majogoo, ondoa uchokozi, usiwalee mapora kama watoto wa nyumbani. Punguza vipi, na watoto wawekwe mbali. Mpima mapora huandika, na mwenye kuandika hasahau. Jogoo aliyempiga mtu asiwe baba wa vifaranga, hata akiwa mkubwa na mzuri namna gani. Ukimbadilisha jogoo, ngoja majuma matatu kabla ya kuweka mayai.

Mkulima afuataye haya kwa miaka mitatu au minne ataona kwamba watoto wake waingia bandani kuokota mayai bila fimbo, na mwewe bado haondoki na vifaranga wake kwa urahisi.